Kiama cha Kila Juma

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Duka la Viatu,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mpwa wangu,

Nakusalimu kwa moyo wote, na pole kwa baridi ya huko. Kifua kimepona? Yule jirani bado anagonga ukuta ukikohoa? Mimi sijambo, isipokuwa meno, na hayo yalishajua njia ya kutoka. Mkaza mjomba wako hajambo, na sauti yake pia haijambo.

Umeona sijamtaja mama yako. Nimempita kama mkosaji apitaye mlango wa mtu aliyemkosea yeye.

Kwenye simu alikwambia ameungua kidogo na pasi. Si pasi, wala si kidogo. Ni mvuke wa bomba kubwa la pale dobini tunapofanya kazi. Umemchoma mkono wa kulia, toka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Yuko nyumbani, anafungwa dawa kila asubuhi. Amenikataza nisikuandikie. Nakuandikia, kwa sababu na mimi nimo.

Unajua tajiri wetu anakaa ng'ambo na hasomi lugha yetu. Mimi ninayepokea nguo mezani ndiye ninayemwandikia Kiingereza, nilichojifunza kwa kamusi iliyokuwa ndani ya koti la mteja ambaye hakulirudia.

Kioo cha dirisha kilipovunjika, niliandika kwamba kimevunjika. Kimya. Nikaandika tena, safari hii nikakiita katastrofi, yaani maangamizi. Juma halikuisha, fundi vioo huyo! Basi wapiga pasi wakaona nina dawa. Tangu hapo sikuandika barua peke yangu. Walinisimamia mgongoni wakichagua maneno kama wachaguao kitambaa cha harusi.

"Bwana Kamusi, hiyo disasta imeshapoa. Tia lile refu."

"Lipi, kataklizimu?"

"Hilohilo! Akilisoma, kofia imdondoke."

Mama yako ndiye aliyecheka kuwashinda wote. Sabuni ilipochelewa, ikawa kalamiti. Mtaro ulipoziba, apokalipsi. Paka alipozaa juu ya mashuka safi, nilitumia Amagedoni. Sisi tuna kiama kimoja na kinatutosha. Waingereza wana maneno mengi ya mwisho wa dunia, utadhani walishaufikia wakarudi. Nami kwa kuyajua nilijiona mtu kweli kweli.

Kisha bomba likaanza kupiga mluzi. Mama yako akaja mezani, safari hii hacheki.

"Mdogo wangu, naogopa kusimama pale. Mwandikie."

Nikafungua kamusi. Yote nilikwisha kuyatumia. Kurudi kwenye neno dogo niliona ni kujishusha, basi nikaandika kwamba siku ya mwisho ya ulimwengu imeingia dobini. Bomba lenyewe nililitia mstari wa chini kabisa, kwa kuwa halikunogesha.

Tajiri alijibu upesi: "Dunia yenu huisha kila juma. Likipita juma bila kuisha, nijulisheni."

Niliwasomea. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikacheka, maana Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Mama yako akarudi kwenye pasi yake, kando ya bomba. Jumatano bomba likapasuka.

Alipotolewa pale, alisema tu, "Msiwaache wengine waingie kule." Hajanilaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo linalonila. Daktari aliniuliza kumetokea nini, nami nikajibu kwa maneno ya mtoto wa chekechea: bomba, mvuke, mkono. Tajiri nimemwandikia hivyohivyo. Mafundi wamekuja. Sijui wameletwa na barua au na mkono.

Sasa sikia, mwanangu. Daktari anasema asipovikunja na kuvikunjua vidole kila siku, viwili vitakakamaa moja kwa moja. Mbele yangu anafanya, anauma meno, ili tu nisisikitike. Nikitoka, anaulaza mkono mapajani kama si wake. Nimechungulia, nimeona. Mimi sina tena uso wa kumwamuru lolote, na wewe ndiye pekee ambaye mama yako hajawahi kukubishia.

Ukimpigia simu atakwambia hajambo. Usimwamini. Mwulize kama amefunga kifungo cha blauzi mwenyewe. Akinyamaza, omba ruhusa kazini uje.

Kaka yako fundi redio anakusalimu. Bibi anakusalimu na kuuliza lile swali lake, nami nimemjibu kwamba bado hujaolewa. Wapiga pasi wote wanakusalimu. Hawacheki siku hizi.

Mungu akusafirishe salama, na mimi anipe uso wa kukufungulia mlango.

Ni mimi nikupendaye, kichwa kikiwa chini,

Mjomba wako.