Mtoto Aliyemlilia Baba

Mama mpendwa,

Hamjambo huko Nyaramba? Goti lako limepoa, ama bado unachuma majani chai ukichechemea? Mimi mzima, ila joto la Mombasa haliniachi, na uji wako wa wimbi nauota.

Nina jambo la kuungama. Unajua kile kituo cha ushauri wa vijana ninapojitolea, nikisomea kuwa mwanasaikolojia? Aliletwa mtoto wa darasa la tatu, ametoka Suneka juzi tu, anaishi na mjomba wake. Jina silitaji, hiyo ndiyo sheria ya kwanza tuliyofunzwa. Akilia, Kiswahili chote kinampotea, anabaki na neno moja tu: "Baba." Mshauri wetu, Madam Zuhura, akamuuliza, "Baba alikukosea nini?" Mtoto akainamisha kichwa. Madam akaandika kwenye faili: anamwogopa babake.

Mama, mimi nilijua siku hiyo hiyo anamlilia nani. Nilikuwa pale pale nikimimina chai. Lakini nilinyamaza wiki mbili nzima, kwa sababu hapa nikisema "lala" wanasikia "rara", wanacheka. Niliuonea aibu ulimi wangu, na mtoto akaendelea kuulizwa habari za mtu asiyemlilia.

Jumatatu nikajikaza.

"Madam, kwetu Kisii mama ndiye tunayemwita baba."

"Kemunto! Na muda wote huu umenyamaza?"

"Niliogopa."

Akavua miwani, akaweka kalamu chini. "Haya, njoo ukae hapa. Muulize wewe."

Nikamuuliza kwa Kigusii baba anafanya nini saa hii. Akainua macho. "Anakata ndizi za kupeleka sokoni." Halafu akaeleza, akaeleza, mpaka leso anayofunga kichwani. Chai ikapoa. Safari hii aliyelia ni mimi.

Ile sentensi kwenye faili imefutwa. Mjomba naye amekubali mtoto ampigie mamake simu kila jioni.

Msalimie Tata, huyo mzee wako, umwambie viatu alivyoninunulia bado vizima. Magokoro, nyanya yangu, asinisahau kwa maombi ya Sabato. Na Moraa, dada mdogo, asiguse sweta yangu ya buluu. Namjua.

Tangu mwanzo nimekuita Mama kwa sababu barua ni ya Kiswahili. Huku Mombasa nikiita kwa lile jina letu, anayegeuka ni mwanamume wa watu. Natamani nisimame mlangoni niliite mara moja tu, nawe uitike ukiwa jikoni.

Baba.

Ni mimi mtoto wako,
Kemunto