Mtutu wa Mzee Almasi

Sarang'ombe, Kibra
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii imekukuta umekaa pale mlangoni pako, mgongo umetulia na ule mguu wa kushoto haukusumbui. Kikohozi cha baridi kimekuacha? Kuku wanataga? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na ukiniona utasema nimenenepa, ingawa shingo bado ni ile ile uliyokuwa ukiicheka. Nawe ndugu yangu Khamisi, unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mstari hata mmoja. Nakujua. Na kama jirani yetu Bi Mastura yupo hapo amekuja kuazima chumvi, ngoja kwanza aondoke, maana humu ndani mna habari ambayo sitaki ifike sokoni Kisumu kabla Mama hajaisikia hadi mwisho.

Mama, unamkumbuka Mzee Almasi? Humkumbuki, sijawahi kumtaja, na nilikuwa na sababu yangu. Alikuwa sajini katika vita vya Mjerumani, akatembea Tanganyika yote kwa miguu na akarudi mzima. Sasa ni askari wa wanyama wa porini. Kazi yake ni kuwafukuza nyati na nguruwe mwitu wanaotoka msituni kula mahindi ya watu, kuanzia huku kwetu Kibra hadi Kawangware kwa Wakikuyu. Anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa ninapopanga, na ana binti anayeitwa Zenabu.

Zenabu anasuka tabaga za kufunikia chakula, nzuri kuliko zote nilizoona Kibra, na nasema hivyo nikijua kwamba wewe pia unasuka. Akiulizwa neno hujibu bila kuinua uso kwenye kazi yake, na jibu lenyewe huwa limekwisha kukuchoma kabla hujajua limetoka wapi. Nimempenda, Mama. Basi, nimeshasema. Mwanzoni mwa mwaka nilimtuma mtu kwa adabu ampelekee Mzee neno langu, na Mzee akajibu mbele ya watu msikitini, "Nani? Yule kijana anayepangusa bunduki za Wazungu? Mwambieni aendelee kupangusa." Kwa siku tatu hata mkate wa kisra haukunipita kooni.

Sikukuandikia hayo kwa sababu ningekutia uchungu bure. Nakuandikia leo kwa sababu mambo yamegeuka, na aliyeyageuza ni nyati.

Mwezi uliopita nyati dume aliingia katika shamba la seremala mmoja wa Kawangware anayeitwa Njuguna. Mzee Almasi akaitwa mbio. Akapiga magoti, akalenga, akafyatua mara nne, na nyati akaendelea kutafuna mahindi kana kwamba anapigiwa makofi. Watu walicheka, halafu wakashtaki. Bwana Nyama, yule mzungu mkubwa wa askari wa wanyama, akaileta bunduki hiyo katika karakana yetu ya silaha mjini, na bwana wangu Lalji, Mhindi mwenye karakana, akaitazama mbele yangu. Mtutu ulikuwa umekwisha. Ndani ya mtutu kuna mistari inayozunguka, ndiyo inayoifanya risasi iende sawa, na mistari ile ilikuwa imefutika kwa kuliwa na miaka. Risasi ilikuwa inatoka inavyotaka yenyewe.

Bwana Nyama akasema bunduki itupwe, na mzee naye apumzishwe, kwa kuwa wote wawili wamezeeka. Mama, kumwambia Mzee Almasi apumzike ni kumwambia afe. Lalji, ambaye ana huruma ingawa anaificha, akasema mtutu unaweza kubadilishwa. Bwana Nyama akatoa shilingi chache, chache kweli, na akaweka siku. Jumamosi angekuja uwanja wa shabaha kule Laini Saba. Bunduki ikipiga pale inapolengwa, inabaki na mzee anabaki. Isipopiga, wote wawili waende.

Lalji alikuwa na kazi nyingi mezani. Akanisukumia bunduki ile akasema, "Wewe miaka nne naangalia mimi. Sasa fanya wewe."

Nilitoka nje nikacheka peke yangu nimeegemea ukuta kama mwendawazimu, kisha nikaogopa.

Mtutu mpya kutoka Ulaya ungekuja kwa meli, na kwa zile shilingi tusingeupata hata mdomo wake. Lakini nyuma ya karakana kuna sanduku la mitutu iliyotolewa kwenye bunduki zilizovunjika. Nilipata mitano ya aina ile. Nikautazama kila mmoja ndani, nimeuelekeza dirishani. Wa kwanza ulikuwa na kutu iliyochimba. Wa pili ulikuwa umevimba katikati, huo hata bure sikuutaka. Wa tatu na wa nne ilikuwa mizuri, inang'aa kwa nje, nikafurahi, halafu nikaona mmoja umepinda na mwingine hesi zake zimelika pale unapojifunga kwenye mwili wa bunduki. Wa tano ulikuwa na sura mbaya ajabu, umekwaruzwa, umepauka, mtu asingeuokota njiani. Lakini ndani, Mama! Mistari yote ilikuwa imekaa, safi, inazunguka hadi mwisho. Nikakumbuka ulivyokuwa ukichagua viazi sokoni kwa kuviminya na si kwa kuvitazama. Nikauchukua huo.

Kuhusu vifaa, jiliwa kubwa tunalo, la kubana chuma mezani. Lakini ukiubana mtutu chuma kwa chuma unauumiza, kwa hiyo nilihitaji vipande viwili vya mti mgumu vya kuukumbatia. Nikakatiza msituni asubuhi mapema hadi Kawangware kwa Njuguna, yule yule aliyeliwa mahindi. Nilimweleza kazi ni ya nani, nikitarajia anifukuze. Aliweka randa yake chini akaniuliza.

"Ni ile bunduki ya mzee wa Kibra?"

"Ndiyo hiyo."

"Na ikitengenezwa itapiga ile nyati?"

"Ikitengenezwa itapiga."

"Basi ngoja," akasema, na akaingia ndani akatoka na kipande cha mutamaiyo, mti mgumu kama jiwe. Alinichongea vipande viwili, akavichimba nusu mviringo kila kimoja, vikakaa kwenye mtutu kama viganja. Nilipotaka kumlipa alikataa. "Lipa na nyama ya hiyo nyati," akasema.

Spana ndefu ya kuzungusha mwili wa bunduki niliazima kwa mhunzi wa reli. Jambo moja tu Lalji hakukubali lifanywe kwa urahisi. Kuna kipimo kidogo cha chuma kinachoonyesha kama risasi inalala mahali pake sawasawa, si ndani mno wala si nje mno. Nilimwambia naweza kukikisia kwa jicho. Alinipiga kofi la kichwa. "Mti, pata bure. Spana, azima. Lakini kipimo hapana kisia! Hiyo bunduki nafyatua karibu na uso ya mtu." Akafungua sanduku lake akanipa kipimo chake mwenyewe, na sikuwahi kumwona akimpa mtu. Shilingi za Bwana Nyama ziliishia kwenye mafuta, tupa na ule mtutu.

Sasa sikiliza kosa langu, Mama, na ucheke, kwa sababu chanzo chake ni wewe. Nilipofungua mbao zinazofunika mtutu wa zamani nilikuta kitu kimelala katikati ya mbao na chuma, kimebanwa, kimekuwa bapa. Ilikuwa hirizi, imeshonwa kwa ngozi, uzi mwekundu. Niliishika kwa mikono miwili. Wewe ulinifundisha kwamba hirizi ya mtu haitupwi, haifunguliwi, haihamishwi, inarudishwa pale ilipowekwa. Nikabadilisha mtutu, nikatoka jasho siku mbili, kipimo kikakubali, Lalji akakubali, na mwisho kabisa, kwa adabu zote ulizonifunza, nikairudisha hirizi mahali pake nikafunga mbao.

Alhamisi jioni mimi, Lalji na Mzee Almasi tulikwenda Laini Saba kuijaribu. Mzee alifyatua mara tano. Tukaenda kutazama. Matundu yote matano yalikuwa pamoja, yamekaribiana kama mayai kwenye kiota, lakini kiota kilikuwa kushoto kabisa, nje ya shabaha. Mzee akayahesabu kwa kidole. Kisha akasema, "Zamani ilikuwa inakosa huku na huku. Sasa umeifundisha kukosa mahali pamoja."

Lalji alinitazama mimi, na nikajua anajua. Mtutu haupendi kuguswa ubavuni. Ukiubana upande mmoja unasukumwa upande wa pili, hata ukisukumwa kidogo kama unene wa ukucha. Ni jambo la kwanza nililofundishwa katika karakana ile, na mimi mwenyewe ndiye niliyeweka ngozi pale. Lakini ningemwambiaje sajini mzee kwamba hirizi yake ndiyo inayomkosesha? Aliyeishona, kama Kibra yote inavyojua, ni marehemu mke wake, mama yake Zenabu, siku alipokwenda vitani. Kila bunduki aliyopewa aliihamishia hirizi ile, na kila mara alirudi nyumbani. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda nyumbani kwake. Mzee hakuwapo. Nje walikuwa wamekaa shangazi yake Zenabu na Zenabu mwenyewe, wanasuka. Unajua kwamba siwezi kuzungumza na binti wa mtu hivi hivi, basi nikamwambia shangazi.

"Shangazi, kuna jambo limekwama. Kuna kitu ndani ya bunduki ya Mzee ambacho mimi siwezi kukitoa na bunduki haiwezi kupiga kikiwa mle."

Shangazi akaguna. "Kitu gani?"

"Hirizi."

Mikono ya Zenabu ilisimama. Kisha akasema, akimtazama shangazi yake, "Shangazi, muulize fundi, bunduki ina mkanda?"

"Inao," nikamwambia shangazi. "Mkanda wa ngozi, wa kuibeba begani."

"Shangazi, muulize, mkanda unagusa mtutu?"

"Shangazi, mwambie haugusi. Unagusa bega la Mzee tu."

"Shangazi, basi mwambie mama hakushona hirizi ile kwa ajili ya bunduki. Alimshonea baba."

Shangazi akatupa usukaji wake chini. "Mnanifanya mimi ukuta? Mtu ana masikio, na wewe una mdomo!" Lakini alikuwa anacheka, na Zenabu akafunika uso kwa nguo yake ya gurbaba. Mama, nilisimama pale nikajisahau kuaga.

Mzee alipokuja ni Zenabu aliyemwambia. Mimi nilikuwa nimesimama nje nimeshika kofia. Sikusikia maneno yao. Mwishowe Mzee akatoka na bunduki, akanipa ruhusa kwa kichwa, nikafungua mbao mbele yake. Akaitoa hirizi mwenyewe kwa vidole vyake, akaibusu, akampa binti yake. Zenabu akaishona kwenye mkanda, upande wa ndani, pale unapokaa begani, kwa sindano yake ya tabaga na uzi mwekundu.

Jumamosi Bwana Nyama alikuja na darubini yake. Nusu ya Kibra ilikuwa imesimama nyuma yetu, na Njuguna alikuwa ametembea kutoka Kawangware kuangalia. Mzee Almasi alivaa koti lake la zamani lenye vifungo vya shaba. Akalala chini, akafyatua mara tano bila haraka, na mimi sikutazama, nilitazama viatu vyangu. Kisha nikasikia Njuguna anapiga kelele, nikajua. Zote tano zilikuwa katikati, Mama! Bwana Nyama alitazama kwa darubini, akaishusha, akasema "Mzuri," akaandika katika kitabu chake akaondoka. Watu walinibeba. Lalji aliwakemea wasinidondoshe kwa kuwa Jumatatu nina kazi, na akanong'ona sikioni kwangu kwamba kuanzia sasa nina meza yangu.

Tukarudi kwa miguu, mimi na Mzee, hatua kumi mbele ya watu. Karibu na nyumbani akasimama akasema anafunga kiatu, na akanipa bunduki niishike. Mama, sajini yule hajawahi kumpa mtu bunduki yake ila kwa kazi, watu wote wanajua. Niliipokea, na mkanda ukaniangukia begani. Akainama akafunga kiatu ambacho, nakuapia, kilikuwa kimefungwa. Akiwa bado ameinama akaniuliza, "Mama yako anaitwa nani?"

Nikamwambia. Akasema, "Hm," akachukua bunduki yake, akaingia ndani.

Mama, mzee wa kwetu haulizi jina la mama wa kijana kwa kutaka kujua tu. Unajua. Kwa hiyo mwombe mjomba Suruur akusindikize, na shangazi Kaltuma ambaye hakuna mtu anayemshinda kwa maneno, mpande gari la moshi pamoja mje kuniposea. Linapita hapa hapa Kibra, nami nitakuwa nimesimama. Njoo na tabaga yako ile kubwa ya rangi nne, ili Zenabu aone kwamba nyumbani kwetu nako wanajua kusuka. Na usimwambie kwamba nimesema yake ni nzuri zaidi.

Nisalimie dada yangu Amina na watoto wake, wasiwachoshe kuku. Nisalimie mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenichapa hadi nikajua kuandika. Nisalimie babu, umwambie mjukuu wake sasa ana meza. Bi Mastura nisalimie naye, na sasa mnaweza kumwambia, kwa kuwa najua alikuwa nyuma ya mlango muda wote.

Ni mimi mwanao Marjani, ambaye mikono yake inanuka mafuta na moyo wake haujatulia tangu jana. Jina lako nimelitaja katika nyumba ile, Mama. Njoo uitikie.