Vikombe vya Kaburi la Mama

3 Februari

Mwanangu,

Marahaba, najua umeniamkia kimoyomoyo. Mimi mzima, goti tu ndilo lenye maringo. Ubavuni pa kaburi la mama yako pameota vitu vya kijivu, vidogo, kila kimoja kama kikombe. Nimecheka peke yangu: hata huko anawaandalia watu chai. Kipande nimekitia kwenye kiberiti hiki. Wewe unayeshinda na mimea mikavu, niambie ni nini.

Baba yako

20 Machi

Baba, shikamoo,

Goti lisugue kwa mafuta ya moto, usilidekeze. Hicho ni kuvumwani: kuvu na mwani wanaoishi pamoja, mmoja anajenga nyumba, mwingine anapika. Ndugu zake wenye vikombe tunawajua, lakini nilipomdondoshea dawa aligeuka manjano, na wao hawageuki. Mkuu wangu alitazama kwenye darubini, akavua miwani, akatazama tena. Anasema huenda hajawahi kuandikwa popote.

Akithibitishwa atapewa majina mawili. La kwanza ni la ukoo wake, la pili tunachagua sisi. Litakuwa la Mama. Sikuwahi kumzika, Baba. Angalau nimfanyie hili. Kile kipande nimekisaga chote kwa vipimo, na bila sampuli nzima ya kuweka kabatini hakuna jina. Tunakuja na mkuu wangu mwezi ujao kuichukua.

Mwanao

25 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Uliondoka bila kunywa hata maji. Unajua kazi yangu: mgeni akija, ukuta unapakwa rangi. Niliposikia msomi mzima anakuja kumwona mama yako, nililisugua kaburi kwa brashi ya waya na sabuni, nikalipaka nyeupe mara mbili. Nilidhani hiyo sampuli yenu ni udongo wa hapo, na vile vikombe nikaviona uchafu wa kumwaibisha mbele ya wageni. Uligusa rangi, ukaitazama mikono yangu, ukageuka ukaenda zako. Afadhali ungenitukana.

Baba yako

11 Juni

Baba, shikamoo,

Sijambo kidogo. Hasira imeisha, kilichobaki sikijui jina. Ni mimi niliyesaga kipande chote, na ni mimi niliyesahau kukuambia usiguse. Tumerudi kutafuta kwenye makaburi yote na kichaka cha nyuma; hakuna. Mkuu wangu ameandika “haikutambuliwa” kwenye kiberiti kitupu, akafunga kabati.

Usihangaike kutafuta. Kuvumwani hukua milimita chache tu kwa mwaka. Mama nimemkosa mara mbili, na kuandika kunanichosha.

Mwanao

30 Oktoba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Natumaini ni uchovu tu. Nimeibandua rangi yote kwa wembe, taratibu, na jioni namwagia maji. Saruji ni tupu. Nimekata tamaa, na sasa kifua nacho kimeungana na goti.

Nikiondoka, nilaze kando yake. Watakuja mafundi wenzangu na makopo yao, watataka kuniheshimu. Wazuie. Kaburi langu lisiguswe na brashi wala sabuni, likae na uchafu wake. Miaka ikipita uje uchungulie. Ukikuta vikombe, jina ni la mama yako, si langu.

Baba yako, fundi rangi