Presha Yako Ilibaki Hifadhini

Mama,

Nimekaa kwenye kiti chako hapa mlangoni, nakuandikia nikiwa na hasira. Usinikemee. Ungekuwepo ungesema, "Martina, hasira yako itachoma nyumba," nami ningecheka. Leo sicheki.

Uliondoka wakati wa palizi, sasa mbaazi zimekauka na tunazipura. Ng'ombe wako mweusi amezaa ndama jike. Baba anakunywa chai bila sukari na halalamiki, maana hana wa kugombana naye. Padri alituambia tumshukuru Mungu, nikashukuru. Halafu nikarudi nyumbani nikalia, kwa sababu mimi najua kilichotokea, na wewe uliondoka bila kujua.

Unazikumbuka zile asubuhi? Mradi ulinipa mimi, mhudumu wa afya wa kijiji, mashine saba za kupima presha, moja kwa kila mgonjwa, na simu moja ya kupeleka vipimo kwa daktari mjini Karatu. Wewe ulikuwa mgonjwa wangu wa kwanza, tena msumbufu kuliko wote. Unanyoosha mkono mezani, nakufunga mkanda, unafumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Nikimaliza, simu inaandika: Imehifadhiwa. Nami nakwambia, "Tayari Mama, daktari ameshaona."

"Imehifadhiwa?" uliuliza siku moja. "Kwa hiyo presha yangu imeingia hifadhini, pamoja na nyati? Haya, askari wa wanyamapori wailinde, wasiiruhusu itoke!" Tulicheka mpaka Baba akaja kuchungulia. Sisi tuliozaliwa huku Daa, jirani na Ngorongoro, tukisikia hifadhi tunajua ni mahali penye ulinzi. Kilichomo humo kiko salama. Ndivyo nilivyolielewa lile neno. Kumbe, Mama, maana yake ilikuwa kwamba kipimo kimebaki ndani ya simu, kinasubiri intaneti. Na intaneti ya kwetu unaijua, haishiki mpaka upande kule juu kwenye tenki la maji.

Siku tisa. Mia na sitini, mia na sabini, siku ya tisa mia na tisini na kitu. Niliona namba zinapanda, nikajiambia daktari naye anaziona, kukiwa na shida atapiga. Angepigaje? Hakuwa ameona hata moja. Siku ya kumi ulianguka shambani na jembe lako, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, mdomo umekwenda upande. Tulipokufikisha mjini, manesi wanakimbiza kitanda, simu ikapata intaneti mfukoni mwangu. Ikaanza kulia. Ti. Ti. Ti. Vipimo vyako vyote tisa vikaondoka kimoja kimoja, vinakwenda kwa daktari aliyekuwa amesimama mbele yangu, ameshika mkono wako. Sauti ile siisahau, Mama. Nisamehe. Nasema tena, nisamehe.

Hilo ni langu, nalibeba. Lakini hasira hii ni ya jambo jingine.

Baada ya arobaini yako alikuja bwana mmoja wa mradi, shati limepigwa pasi, akaitisha mkutano ofisi ya kijiji. Eti eneo letu halifai, milima inazuia mtandao. Eti mashine zirudishwe, zipelekwe vijiji vyenye mtandao. Mwenyekiti wa kijiji anaitikia kwa kichwa tu. Ebo! Nikasimama. Nikamwambia mama yangu hakuuawa na milima. Aliuawa na neno moja kwenye kioo cha simu, ninyi hamkutufafanulia, nami sikuuliza. Badilisheni neno, mtuachie mashine. Akajibu kwamba atalifikisha kwa wakubwa. Nikajua hapo hakuna kitu.

Basi sikuwasubiri. Nimebandika plasta kwenye ile simu, nimeandika kwa kalamu: BADO HAIJAFIKA. Kila siku saa nne asubuhi napanda nayo mpaka kwenye tenki, na sishuki mpaka daktari ajibu. Kipimo kikiwa kibaya sihangaiki na intaneti kabisa, natuma meseji ya kawaida. Hiyo inapenya hata hapa chini, ukisimama vizuri kwenye kona ya zizi. Daktari ameshanizoea. Wiki iliyopita Mama Tluway, jirani yako yule mliyegombana kwa ajili ya mbuzi, alifika mia na tisini kama wewe. Nikatuma. Chai yangu haijapoa, daktari akapiga, na bodaboda ikamchukua. Leo yuko hai, analalamika kwamba nimemnyima chumvi, ananiita askari magereza. Nilipomsikia nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikarudi nikamwambia aache kelele.

Sasa jana wamenipigia. Kesho gari linakuja kuchukua mashine zote, wakubwa wameshaamua. Mwenyekiti ameniomba nisilete fujo. Fujo! Mama, mimi na fujo wapi na wapi? Nimepita tu nyumba kwa nyumba. Mashine yako nilimpa Baba, maana presha yake nayo haiko sawa, kwa hiyo wagonjwa bado ni saba. Nimewaambia waje asubuhi mapema, wakae kwenye lile benchi refu la ofisi ya kijiji, kila mmoja na mkanda wake umefungwa mkononi. Mama Tluway amesema atakaa wa kwanza. Anayezitaka mashine atazifungua mwenyewe, mkono mmoja baada ya mwingine, huku mwenye mkono anamtazama usoni.

Kwaheri, mama yangu, aayo wangu. Nakuahidi sitampisha mtu. Na wakizichukua kwa nguvu, nitalifuata gari lao kwa miguu mpaka mjini, nikae mlangoni kwao mpaka wazirudishe.

Martina wako