Picha ya Neno Lako

Dada yangu Mutheu,

Nikikaa mbele yako maneno yananikwama, kwa hivyo nimeamua kuandika. Barua hii nitaituma pia kwenye kundi la familia, lile ulilotoka, ili kila aliyeiona picha ile aisome. Nilikukosea mbele ya watu. Haifai nikuombe msamaha jikoni kwako tukiwa wawili tu, halafu wengine wabaki na kicheko chao.

Wacha nianze mbali kidogo. Krismasi zetu za utotoni pale Kathiani, wewe ndiye uliyekuwa mwenye michezo. Baba alikuwa ameshafariki, na Mwaitu, mama yetu, akitoka kanisani alikuwa amechoka, anataka tu kulala kidogo. Ulikuwa ukikata ubavu wa katoni, unachora miraba ya drafti kwa makaa, halafu unatugawia vifuniko vya soda ulivyookota dukani. Kaka yetu Muli alikuwa na pupa. Ulimtegea kete moja, akairukia, nawe ukamla tatu. Mimi uliniachia mchezo wa mwisho, kabla ya kuitwa kula. Nilikimbia kumwambia Mwaitu nimekushinda, na wewe ukakubali mbele yake kwamba leo nimekuweza.

Ulipomaliza darasa la nane, karo iliyopatikana ilikuwa ya mtoto mmoja, na mtoto huyo akawa Muli. Ulibaki nyumbani ukichuma kahawa ya watu, na kahawa hiyo ndiyo iliyonisomesha mimi baadaye. Leo mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Sijawahi kukusikia ukilitaja jambo hilo, hata tulipokosana.

Sasa nifike pale panaponiuma. Krismasi ile ya picha, wewe ulikuja Kathiani kutoka kwako Ndithini, na Muli akaja kutoka Syokimau na mchezo mpya wa watoto wake, ule wa kupanga vibao vidogo vya herufi mpaka vitoe neno. Siku ya Boxing Day, baada ya chakula, kulikuwa na manyunyu, tukakaa verandani. Waliniweka refa kwa sababu mimi ni mwalimu, nami nikatangaza kwamba ni Kiingereza tu. Ulitoka jikoni ukijifuta mikono kwa leso, ukasema na wewe tukuhesabu. Ulikaa karibu na binti yako Ndanu, aliyekuwa kidato cha pili wakati huo.

Uliweka SUN. Ukaweka GOAT, na Muli akakupigia makofi. Kisha ukafikiri kwa muda mrefu, ukapanga vibao vinne: NAIF.

"Kisu," ulisema, ukitabasamu.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Muli akacheka, na watoto wake. Wewe pia ulicheka, na hilo ndilo lililonidanganya. Nikatoa simu, nikapiga picha mkono wako ukiwa bado juu ya herufi, nikaituma kwenye kundi lenye watu zaidi ya arobaini. Chini yake nikaandika, "Kiingereza cha Ndithini." Chai haikuwa imechemka na tayari simu zilikuwa zinalia kwa majibu. Ndanu alitazama simu yake, akanitazama mimi, akainuka akaenda nje kwenye manyunyu. Wewe ulituambia tuendelee, unaenda kuangalia chapati. Chapati tulikuwa tumeshazimaliza.

Ulirudi kwako Ndithini kabla ya siku uliyokuwa umepanga. Ulisema mbuzi hawana mtu. Kesho yake tukaona umetoka kwenye kundi, nami nikamwambia Muli kwamba una hasira za bure, mchezo ni mchezo. Ninayaandika haya kwa aibu, lakini ndivyo nilivyosema.

Krismasi iliyofuata ulisema mvua imeharibu barabara. Iliyofuata ukasema kuna matanga kwa jirani. Ya tatu hukusema kitu. Siku hiyo Mwaitu aliweka sahani yake chini kabla hajaionja.

"Mimi nilizaa watatu," alisema. "Huyo mwingine mmemweka wapi?"

Muli alinitazama.

Ndanu ndiye aliyenieleza. Nilikutana naye Machakos mjini, siku hizi yuko chuoni, nikamnunulia soda na kumwuliza mbona mama yake ametuhama. Alinieleza bila hasira, na hilo lilinitesa zaidi. Alisema binamu yetu mmoja aliisambaza picha ile mpaka ikafika kwa akina mama wa kanisa lako. Wakaanza kukuita Madam Naif, kwanza kwa utani, kisha likawa ndilo jina lako hata sokoni. Sikujua, Mutheu, kwamba ulikuwa mwandishi wa chama chao, kwamba miaka yote hiyo wewe ndiye uliyekuwa ukiandika kila walichokubaliana, kwa mwandiko wako ule wa kulala. Ulirudisha daftari. Ndanu alisema uliwaambia huwezi tena kuandika mbele ya watu.

Ndipo nikaja kwako mwezi uliopita. Ulinipikia isyo kwa sababu unajua napenda mahindi na maharagwe yaliyoiva sana. Uliniuliza habari za watoto, za shule, za mguu wa Mwaitu. Mara tatu nilianza, na mara tatu nikageuza nikaongea mambo ya mvua. Wewe ndiye uliyenihurumia, ukichambua ndengu kwenye sinia, bila kuinua macho.

"Kalondu, nilijua knife iko na K. Sikuwa na K. Nikaona nikiweka hivyo mtacheka kidogo, mniambie nitoe, tuendelee. Kucheka si kitu. Lakini picha ilikuwa ya nini?"

Ulimaliza kuchambua, ukaniuliza kama naongeza chai.

Nimelibeba swali hilo mpaka darasani. Jibu ninalo, na si zuri. Nilitaka wale watu arobaini waone jinsi ninavyojua, na nilipotafuta mtu wa kukanyaga ili nionekane mrefu, nikamkanyaga yule aliyeniinua. Hukuwa umekosea kitu. Ulikuwa umetoka jikoni, umekaa na ndugu zako, unacheza.

Nimeifuta picha kwenye simu yangu, lakini najua iko kwenye simu za watu ambao sitawahi kuwajua. Siwezi kuwanyang'anya. Siwezi pia kukurudishia daftari lile, maana nasikia sasa analiandika mtu mwingine.

Krismasi hii sitawasha moto Kathiani. Mwaitu ameshasema anataka kuletwa kwako, na mimi ndiye nitakayemleta. Sikuombi uandae chochote, wala useme umenisamehe kwa sababu mama yupo. Tukifika, mfungulie yeye, umpe kiti mahali penye kivuli. Mimi nitakaa nje ya lango. Ukitaka niingie, utaniita. Usiponiita, nitamngoja hapo mpaka jioni, nimrudishe nyumbani, na sitamwambia mtu yeyote kwamba una hasira za bure.

Mdogo wako,
Kalondu