Mizinga Irudi Mitini

Kanyenye, Tabora
Machi 1976

Mdogo wangu Sylvester,

Shikamoo uliyomtuma mkeo Pelagia imenifika, marahaba. Nimefurahi kusikia kwamba mahindi ya kijiji yamestawi. Huku hospitali uji hauna hata sukari.

Pelagia akaropoka kwamba umeshusha mizinga yangu ya nyuki na kuwagawia wajomba. Sylvester, mizinga hugawanywa mwenyewe akishazikwa. Mimi jana nilikula ugali.

Ni kweli, ni saratani ya kongosho, tena imekomaa. Lakini daktari ana jambo analolijaribu. Dawa ikiingia mshipani, hunifunika blanketi lenye mipira ya maji ya moto, nikaloa jasho. Anasema huenda joto likaisaidia dawa kupenya. Nilimwelewa, maana asali iliyoganda haichujiki mpaka uisogeze motoni. Hakuniahidi kupona. Aliniuliza tu kama nitavumilia, nikamwambia mrina asali hamkimbii nyuki katikati ya mti.

Basi irudishe mizinga yote mitini kabla miombo haijachanua. Wajomba wakinuna, waambie wanisubiri.

Na kamba yangu ya kupandia usimpe mtu. Naijia.

Kaka yako, ambaye hajafa,
Anselm