Hotpoti ya Uzi wa Kijani

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituo cha polisi, chumba cha upelelezi, Jumamosi tarehe 13 mwezi wa tatu, kuanzia saa tatu na robo asubuhi.

Jina: limo ndani ya jalada, mtaani anaitwa Mama Mifuniko
Umri: miaka 54
Kazi: fundi cherehani, pia hujitolea katika jiko la wazee
Makazi: nyumba ya tatu kutoka soko dogo, chumba cha mbele

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo kwa kujua naweza kushtakiwa, nami nimeelewa. Naeleza kwa hiari yangu, ingawa usiku wa jana sikupata hata lepe la usingizi.

Kazi yangu ni kushona nguo. Ila siku za kazi, ikifika saa nne asubuhi, nafunika cherehani na kwenda kwenye jiko letu la kujitolea lililo nyuma ya ghala la zamani la magodoro. Tunawapikia wazee wasioweza kutoka ndani, kisha tunawapelekea majumbani. Mkuu wa jiko ni mpishi mstaafu tunayemwita Kamanda, kwa sababu hata chumvi anaitolea amri. Mimi nagawa barabara ya juu, nyumba sita, kwa miguu.

Kila mzee ana hotpoti mbili: moja ikienda na chakula, nyingine inarudi tupu. Nimezifunga uzi kwenye mkono wa kushikia, kila mzee na rangi yake, ili aliyekatazwa chumvi asipewe ya mwenzake. Mfuniko ukipotea mimi ndiye ninayepiga kelele jiko zima, na jina langu lilitokea hapo. Uzi wa kijani ni wa Bibi Simu.

Bibi Simu ana miaka themanini na kitu. Mwenyewe ukimuuliza anakujibu, "Namba hiyo haipatikani kwa sasa." Ujana wake wote alikuwa opereta wa simu, wale waliokuwa wakikaa mbele ya ubao wa nyaya na kuwaunganisha watu. Sasa miguu imemgomea. Anajikokota na fremu yake ya chuma kutoka kitandani hadi dirishani, basi. Ukipiga hodi kwake hasemi karibu. Anasema, "Nani mwenzangu?" Nawe lazima ujitaje, hata kama anakuona kwa macho yake, la sivyo anasema umekosea namba. Nimempelekea chakula miaka miwili na sikumbuki siku niliyotoka kwake bila kucheka.

Anaishi na mwanawe wa pekee, msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi. Afande ameniuliza kama nina ugomvi naye. Ugomvi sina. Si mtu wa kelele, na nguo za mama yake siku zote huwa safi. Ila Jumatatu ya tarehe 8 alinisimamisha getini nilipokuwa natoka.

Alisema, "Mama, hizi hotpoti zenu zinaniaibisha. Watu kazini wananiuliza kama nimeshindwa kumlisha mama yangu."

Nikamwambia, "Aibu ya nini, baba? Wewe unashinda kazini. Nani angempa cha moto mchana?"

Akasema ameshapata dada wa kazi na anaanza jioni hiyo. Nikamwambia ni jambo zuri, ila atujulishe jikoni rasmi, maana hatumwondoi mzee kwa maneno ya getini. Akasema atapiga simu. Tukaagana vizuri.

Mnamo tarehe 9, Jumanne, saa tano kasoro asubuhi, simu ya jiko iliita. Huwa ninaishika mimi. Masufuria yalikuwa yanapigana ndani, kwa hiyo nikatoka nayo hadi uani na kusimama karibu na pipa la maji. Sauti ya mwanawe naijua. Alisema, "Mama Mifuniko, msilete chakula leo wala kesho. Mama ametutoka."

Nikasema, "Jamani! Poleni sana."

Akasema, "Tumeshapoa."

Nikamwambia tutakuja. Akasema, "Msijisumbue," akakata.

Niliporudi ndani niliinua tu ile hotpoti ya uzi wa kijani, Kamanda akaelewa. Kwetu mzee akifariki hotpoti yake inapinduliwa juu ya rafu na hapewi mtu mwingine mpaka tumekwenda kuhani. Kamanda aliipindua kwa mikono yake, akageukia ukutani akajifanya anatafuta mwiko. Mimi nililia mbele ya watu, na si kawaida yangu. Chakula chake tulimwongezea mzee wa nyumba ya mwisho, ambaye alikula bila kujua anakula cha nani.

Jumatano nilishona suruali moja nikaikosea miguu yote miwili. Lile neno "msijisumbue" lilikuwa linanikereketa. Mfiwa gani anakataa watu? Nilimwambia Kamanda tuende siku hiyohiyo. Akasema tuwaache wapumue, tutakwenda kesho wote na chakula cha wafiwa. Nikakubali, lakini roho yangu haikutulia.

Mnamo tarehe 11, Alhamisi, Kamanda aliamka na mgongo, hawezi hata kuinama, na wenzetu walikuwa wamebanwa na kupika. Nikasema ninatangulia. Na kwa kuwa nimeonywa kusema kweli, niseme pia kwamba hotpoti ya pili ya Bibi Simu ilikuwa bado kwake, na mfuniko wake, na nilikuwa nimeifikiria. Nilijifunga kitambaa cheusi kichwani nikabeba sufuria ya wali.

Nilifika kama saa sita mchana. Geti limefungwa. Hakuna kiti hata kimoja nje, hakuna turubai, hakuna kiatu mlangoni. Pembeni ya nyumba hiyo kuna kinyozi, na redio yake ilikuwa inanguruma mpaka vioo vinatikisika.

Nikamwambia, "Wewe kijana huna haya? Jirani yako amefiwa nawe unafungulia muziki?"

Alikuwa na mteja nusu kichwa. Akazima mashine. "Nani kafiwa, mama?"

"Nani tena? Bibi Simu hatunaye!"

"Bibi Simu kafa lini?" Alinitazama kitambaa, akaitazama sufuria. "Mbona jana asubuhi nimemsikia anaimba?"

Afande ameniambia nifupishe, lakini hapa siwezi kufupisha. Nilikaa kwenye kiti cha wateja na sufuria mapajani. Niliona furaha na hofu vinanijia pamoja, na hofu ndiyo iliyoshinda, kwa sababu nilianza kuhesabu. Nikamuuliza mwanawe yuko wapi. Akasema aliondoka Jumanne mchana na begi, safari ya kikazi. Dada wa kazi je? Akasema dada alitoka Jumanne hiyohiyo jioni na mfuko wake, akisema ameitwa kwao, kuna mgonjwa. Nikamuuliza, basi nani anampa bibi chakula?

Akasema, "Si nyinyi?"

Yule mteja akatoka na nusu kichwa chake akaenda kuruka ukuta na kutufungulia geti kwa ndani.

Bibi Simu analala chumba cha nyuma, kinachotazama uani. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Baadaye nilisikia kwamba dada aliagizwa afunge kila anapotoka, bibi asije akaanguka kwenye ngazi, na ufunguo aliondoka nao. Simu bibi hakuwa nayo. Ilipasuka kioo na mwanawe akaichukua kwenda kuitengeneza. Mtu aliyewaunganisha wenzake maisha yake yote hakuwa na hata waya wa kushika.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni hotpoti yangu. Alikuwa ameiosha, ameifunika, ameiweka dirishani nyuma ya nondo, uzi wa kijani ukining'inia nje kama anavyofanya kila siku ili nisisumbuke kuingia. Kwa hiyo alikuwa ananingojea. Jumanne alingoja, Jumatano alingoja.

Nilipiga hodi. Kimya. Nikapiga tena kwa sauti. Kimya. Kinyozi alikuwa nyuma yangu anasema, "Mama, tuvunje, mama, tuvunje." Nikaweka mdomo kwenye nondo nikapiga hodi ya tatu, na wakati huu sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeomba.

Kutoka chini, si kitandani, kutoka chini sakafuni, nikasikia: "Nani mwenzangu?"

Nikasema, "Ni mimi, bibi. Mama Mifuniko."

Akasema, "Laini yako ilikatika, mwanangu."

Kinyozi alivunja kufuli kwa nondo ya mlango wa duka lake. Tulimkuta kati ya kitanda na dirisha, fremu imeangukia ubavuni. Midomo imekauka imepasuka. Jagi la maji lilikuwa tupu mezani, na kando yake kipande cha mkate kilichobaki ganda. Alisema alianguka Jumatano jioni alipokuwa anaenda kuchungulia kama ninakuja. Nilimlowesha midomo kwa leso. Akaniuliza, "Mbona hamkuja?"

Nikaendelea kulowesha leso. Lakini kinyozi mdomo wake hauna breki. Akasema, "Bibi, wao waliambiwa umekufa!"

Akauliza, "Nani kawaambia?" Akanitazama mimi, akatazama kile kitambaa cheusi ambacho nilisahau kukivua, kisha akafumba macho. Hakuuliza tena.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la mteja wa kinyozi. Daktari amesema nyonga imevunjika na kwamba, kwa umri ule, wanasubiri kuona. Neno hilo "kusubiri kuona" ndilo linaloninyima usingizi, pamoja na jambo moja ambalo naliongeza sasa.

Mnamo tarehe 12, Ijumaa, mwanawe alirudi safari akakamatwa. Nimeambiwa maelezo yake ni kwamba alitaka tu kukomesha chakula, kwa aibu, na kwamba alidanganya kwa kusema "Mama ametoka", yaani hayupo, amekwenda kwa ndugu. Anasema "ametutoka" nimeisikia mimi vibaya, na kwamba nilipompa pole alidhani ni pole ya kazi.

Jioni ya siku hiyo nilimpelekea Bibi Simu uji wodini. Alikunywa vijiko viwili. Kisha akaniuliza, "Siku ile alipopiga, laini ilikuwaje?"

Nikamwambia, "Bibi, kunywa uji."

Akasema, "Mimi nimekaa kwenye laini tangu wewe hujazaliwa. Silabi moja humezwa na waya. Nimesikia ndoa za watu zikivunjika kwa silabi moja. Huku anasema ametoka, kule linafika neno jingine. Kesho waambie laini ilikuwa mbaya."

Akaushika mkono wangu, na mkono wake hauna uzito wowote. Akasema, "Mwanangu, ninaye huyo tu."

Afande ameniuliza jambo hili mara tatu asubuhi hii na mara mbili nimekaa kimya. Nampenda yule bibi. Nikisema laini ilikuwa mbaya, huenda mwanawe akalala nyumbani leo na bibi akapata moyo wa kula. Ningeweza kusema ni masufuria. Lakini nilikuwa nimetoka uani. Najibu sasa.

Kama alikusudia kusema kifo, au ulimi ulimteleza akaona aibu kurudi nyuma, mimi sijui. Aulizwe yeye. Niliposema poleni sikutaja msiba, na hilo pia naomba liandikwe kama lilivyo. Sikumuuliza watazika lini, na kila ninapokumbuka hilo natamani kujipiga kofi, maana swali hilo moja lingetosha. Lakini alisema "ametutoka". Ile "tu" niliisikia. Laini ilikuwa nzuri.

Nimemaliza, na haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa neno kwa neno, sikupunguza wala kutia chumvi.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya mwenyewe na kumsomea shahidi kwa lugha anayoielewa. Alipofika sehemu ya kutia saini aliomba dakika chache, akapewa. Aliniuliza kama mgonjwa atasomewa maelezo haya. Nilimjibu kwamba akiuliza ataelezwa. Shahidi alitia saini, akachukua hotpoti aliyokuja nayo, yenye uzi wa kijani, akasema anaiwahisha wodini kabla haijapoa. Mlangoni alirudi akaniambia kwamba akifika huko ataulizwa "Nani mwenzangu?" na leo hajui atajibu nini.

Saini ya afisa: (imetiwa), saa nne na dakika arobaini asubuhi.